Krimu au pichi ya udongo kwa kuta za ndani: ipi inafaa nyumba zetu za Mtwara na Lindi?

Mleta uzi (Chuno, Mtwara)

Ndugu zangu, salamu kwenu nyote. Ninamalizia nyumba ya vyumba vitatu vya kulala hapa Chuno, katika Manispaa ya Mtwara-Mikindani, na kazi kubwa iliyobaki ni rangi za ndani. Baada ya kuzipitia kadi za rangi dukani kwa muda mrefu, mimi na mwenzangu tumebakiza mbili tu, na hapo ndipo tulipokwama. Ya kwanza ni krimu nyepesi yenye unjano wa siagi. Ya pili ni pichi iliyoelekea udongo, yaani si ile pichi ya waridi ya kumbi za harusi, bali pichi iliyotulia, yenye wekundu na ukahawia kidogo ndani yake. Zote mbili ni rangi za joto, na nia yetu ya awali ilikuwa kuchagua moja na kuipaka nyumba nzima.

Hali ya nyumba ni hii. Sebule ina dirisha kubwa upande wa kaskazini na jingine upande wa magharibi, na ua wa mbele haujawekwa vigae wala nyasi, kwa hiyo ni udongo mwekundu mtupu. Chumba kimoja cha kulala kiko mbele, kinatazama mashariki. Vyumba viwili vya nyuma vinatazama kusini, na mwembe wa jirani umevifunika karibu kabisa. Sakafu ni vigae vyeupe, milango ni ya mninga, dari ni jipsamu nyeupe, na taa nilizokwisha kununua ni zile nyeupe tulizozizoea.

Mwenzangu anaipenda pichi, na anasema krimu inamkumbusha ukumbi wa kusubiria katika ofisi za serikali. Mimi naona krimu ni salama zaidi. Kilichonichanganya ni kwamba kurasa kadhaa za kigeni nilizosoma zinasisitiza kuwa chumba kinachotazama kaskazini kina mwanga wa baridi, hivyo kipewe rangi ya joto iliyokolea. Kwa hesabu hiyo sebule yangu ingestahili pichi. Naomba maoni ya wenye uzoefu, hasa wa huku kwetu kusini.

Mpangaji wa Ligula

Paka krimu, ndugu yangu. Nimeishi katika nyumba kadhaa za kupanga hapa Mtwara, karibu zote zilikuwa za krimu, na sijawahi kumsikia mgeni yeyote akiilalamikia. Hoja ya shemeji kuhusu ofisi za serikali ina ukweli, lakini picha mbili ukutani na pazia zuri vitaiondoa.

Mwalimu wa Mtanda (Lindi)

Kabla ya kuzungumzia rangi zenyewe, tuanze na dira, kwa sababu ndiyo inayopotosha ushauri mwingi wa aina hiyo. Kurasa ulizosoma bila shaka ziliandikwa kwa ajili ya wasomaji wa Uingereza na Marekani. Huko jua la adhuhuri huwa upande wa kusini, kwa hiyo chumba kinachotazama kaskazini hupata jua la moja kwa moja kidogo sana, na sehemu kubwa ya mwanga wake hutoka angani ukiwa na ubuluu. Ndiyo maana wanakiita chumba cha baridi.

Sisi tuko takriban digrii 10 kusini mwa ikweta, na kwetu mambo yamegeuka. Kuanzia wiki ya mwisho ya Februari hadi wiki ya tatu ya Oktoba, yaani karibu miezi minane, jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini. Mwezi Juni linakuwa limeinama kaskazini kwa zaidi ya digrii 33 kutoka utosini, na mwanga wake huingia chini ya upenu hadi ndani ya chumba. Katika miezi iliyobaki jua huhamia kusini, lakini hata mwezi Desemba haliinami zaidi ya digrii 13 au 14 wakati wa adhuhuri, kwa hiyo upenu wa kawaida unatosha kulizuia. Maana yake ni kwamba sebule yako ndiyo yenye jua, na vyumba vyako vya nyuma ndivyo vinavyolingana na kile ambacho waandishi wale wanakiita chumba cha kaskazini. Ukifuata ushauri wao kama ulivyoandikwa, utaipa sebule dawa ya ugonjwa wa chumba kingine.

Sasa tuangalie kinachotokea ndani ya sebule hiyo. Dirisha la kaskazini linaingiza jua, na dirisha la magharibi linaingiza jua la alasiri, ambalo limepita katika hewa nyingi zaidi na kupoteza sehemu ya buluu yake, hivyo linafika likiwa na umanjano na wekundu. Ongeza ua wa udongo mwekundu: mwanga unaoanguka juu ya udongo huo haupotei wote, bali sehemu yake hurejea juu na kuingia dirishani ukiwa umebeba wekundu wa ardhi. Mwanga wa namna hiyo ukikutana na pichi ya udongo, kuta hukolea kuliko unavyotarajia. Kufikia saa kumi na moja jioni, pichi uliyoiona dukani ikiwa tulivu itakuwa inakaribia rangi ya tofali. Krimu katika mazingira hayo hayo hupokea joto la mwanga kama wali mweupe unavyopokea mchuzi, na jioni itakuwa na rangi ya dhahabu hafifu bila kukuelemea.

Vyumba vya nyuma vina hadithi tofauti kabisa. Mwanga unaopita katika majani ya mwembe, na ule unaoakisiwa na majani hayo, una kijani ndani yake. Krimu yenye unjano wa siagi ikiangukiwa na mwanga wa kijani hupata sura ya ugonjwa, yaani umanjano wenye ukijani ambao hakuna anayeupenda chumbani, na ambao wengi hudhani umetokana na rangi mbovu. Pichi inafanya vizuri zaidi hapo, kwa sababu wekundu ulio ndani yake unameza sehemu ya kijani hicho, na matokeo yake huwa ni rangi iliyotulia, karibu na mchanga.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba swali la krimu au pichi haliwezi kujibiwa kwa nyumba nzima. Krimu iende mbele, pichi iende nyuma.

Fundi wa Chikongola

Nimemsoma Mwalimu na ninamheshimu, ila naomba niongeze upande wa fundi, maana rangi haiishi kwenye kadi, inaishi kwenye plasta.

Jambo la kwanza ni gharama na marekebisho. Nyumba ya rangi moja ni rahisi kuitunza, kwa sababu akiba ya ndoo moja inatosha kufuta alama za mikono ya watoto na mikwaruzo ya makochi popote ilipo. Nyumba ya rangi mbili inadai akiba mbili, na mwenye nyumba asipoandika namba ya rangi na namba ya bechi, yaani ya mkupuo mmoja wa rangi iliyotengenezwa pamoja, kwenye kifuniko, baada ya mwaka mmoja hatajua alinunua nini. Hata rangi yenye namba ile ile inaweza kutofautiana kidogo kati ya bechi na bechi. Ndiyo maana sisi huyamimina makopo yote katika pipa moja na kuyakoroga pamoja kabla ya kuanza, na kama haiwezekani, tunahakikisha kopo halibadiliki katikati ya ukuta, bali kwenye kona.

Jambo la pili ni kwamba unjano wa krimu unaweza kupatikana kwa njia mbili, na mteja anaambiwa neno moja tu: krimu. Upo unjano wa oksidi ya chuma, ambao ni wa asili moja na udongo wa manjano. Huo una utulivu fulani, hauwaki, lakini unavumilia jua na unavumilia ukali wa saruji. Upo pia unjano mkali zaidi wa rangi za kikemikali, ambao unapendeza siku ya kwanza, ila baadhi yake hupauka mahali panapopigwa na jua kila siku. Kwa dirisha la kaskazini na la magharibi kama la mleta uzi, muulize muuza rangi mashine yake ya kuchanganyia inatumia unjano gani katika namba hiyo ya rangi. Pichi ya udongo kwa kawaida hupatikana kwa oksidi nyekundu na njano za chuma, kwa hiyo wasiwasi huo unaihusu kidogo.

Jambo la tatu, nalo ndilo linalotugombanisha na wateja wengi hapa pwani, ni chumvi. Nyumba nyingi za Mtwara na Lindi zimepigwa plasta kwa mchanga ambao haukuoshwa vizuri, au msingi wake unavuta unyevu wa ardhini. Chumvi husafiri na maji hadi kwenye uso wa ukuta, maji yakikauka chumvi inabaki kama unga mweupe, na rangi iliyo juu yake inavimba na kubanduka. Unga huo usiusafishe kwa maji, kwa sababu utayeyuka na kurudi ndani ya ukuta. Usugue kwa brashi kavu, utafute unyevu unatoka wapi, kisha usubiri ukuta ukauke kweli. Kwenye pichi alama hizo nyeupe zinaonekana kutoka mlangoni, ilhali kwenye krimu zinajificha. Hilo nalo liingie katika hesabu, hasa kwa vyumba vya nyuma ambavyo havioni jua.

Plasta mpya ipewe wiki nne kwa uchache kabla ya rangi, na wakati wa masika iongezewe muda. Ipakwe praima, yaani rangi ya msingi, inayostahimili ukali wa saruji kwanza, kisha mikono miwili ya rangi ya maji, yaani ipakwe mara mbili.

Mleta uzi

Nawashukuru sana. Suala la dira limenifungua macho, na namba ya bechi nitaiandika.

Bado nina swali moja ambalo huenda ni la kitoto. Mtwara ni joto, na mwezi Novemba na Desemba joto hilo linakuwa la kuchosha kweli. Je, kupaka rangi ya joto hakutaongeza joto la nyumba? Shemeji yangu mmoja anashikilia kwamba watu wa pwani wanatakiwa kutumia buluu na kijani pekee.

Mwalimu wa Mtanda (Lindi)

Si swali la kitoto. Joto la nyumba zetu linatoka kwanza kwenye bati, kisha kwenye jua linaloingia dirishani, na kwenye kuta za nje zinazopigwa na jua mchana kutwa. Rangi ya nje ya ukuta, na zaidi ya bati, ina athari inayopimika, kwa sababu uso mweupe hurudisha sehemu kubwa ya nishati ya jua na uso uliokoza huimeza. Rangi ya ukuta wa ndani haina nafasi hiyo. Nishati iliyokwisha kuingia dirishani imekwisha kuingia, na tofauti kati ya krimu na pichi haitasogeza kipimajoto kwa kiasi utakachokihisi mwilini.

Kinachobaki ni hisia, na hisia nazo si za kupuuzwa. Chumba chenye wekundu mwingi alasiri ya Novemba kinaweza kumfanya mtu ahisi amefungiwa, hata kama kipimajoto kinasema vile vile. Hiyo ni sababu nyingine ya kutoipa pichi ile sebule ya magharibi. Lakini buluu ya shemeji yako, ikipigwa na jua la alasiri lenye umanjano, itapoteza ubuluu wake na kuwa kijivu chenye uchovu.

Mkazi wa Mikindani

Naomba kuchangia kidogo kwa wale wenye nyumba kongwe, kwa kuwa fundi amezungumzia nyumba za saruji tu. Huku kwetu bado zipo nyumba za mawe ya matumbawe zilizojengwa kwa chokaa, na kuta zake zinapumua: unyevu unaingia na kutoka kupitia ukuta wenyewe. Ukizipaka rangi ya maji yenye plastiki nyingi, au vibaya zaidi rangi ya mafuta, unyevu unanaswa nyuma ya rangi, na ukuta unaanza kumomonyoka kutoka ndani huku uso ukiwa bado unang'aa.

Kwa nyumba hizo, rangi ya joto ipatikane kwa kuchanganya chokaa na rangi za udongo. Unjano wa udongo unatoa krimu, na wekundu wa udongo ukiongezwa kwa kiasi kidogo unatoa pichi. Chokaa ni kali, kwa hiyo rangi nyingi za kikemikali haziivumilii, lakini rangi za oksidi ya chuma zinaivumilia bila shida. Ikumbukwe pia kwamba chokaa ikiwa mbichi huonekana imekoza, na ikikauka hupauka sana, kinyume cha rangi ya maji ambayo mara nyingi hukoza kidogo ikikauka. Kipimo kifanyike pembeni, kisubiriwe kikauke kabisa, ndipo uamuzi utolewe.

Dada wa Mitwero (Lindi)

Mleta uzi, mimi ninaishi na pichi ya udongo sebuleni, kwa hiyo nitakueleza inavyokuwa ukiishi nayo kila siku, kwa sababu kadi haikuelezi.

Kwanza, itakuwa imekoza zaidi ya unavyodhani, hata pasipo udongo mwekundu nje. Sababu ni kwamba mwanga hugonga ukuta mmoja, ukaenda wa pili, ukaenda wa tatu, na kila unapogonga unaongeza rangi ile ile. Kipande kidogo cha kadi hakina kuta tatu nyingine za kukisaidia kukolea. Katika chumba kidogo jambo hilo linakuwa kubwa zaidi. Dukani unaweza kuomba namba ile ile ya rangi kwa nusu ya kipimo cha kichanganyio, yaani ile rangi nzito inayotiwa kwenye rangi nyeupe, nao wanajua namna ya kufanya. Kwa vyumba vyako viwili vya chini ya mwembe, mimi ningeomba nusu hiyo bila kusita.

Pili, pichi inachagua marafiki. Makochi ya kijivu yenye ubuluu yataonekana machafu mbele yake. Mikeka ya ukindu, mbao za mninga na vitambaa vya rangi ya mchanga vinapatana nayo. Vinyago vya mpingo vinapendeza mbele ya rangi zote mbili, lakini kwenye krimu umbo la kinyago linasimama wazi zaidi kwa kuwa weusi unakutana na wepesi, na kwenye pichi kinyago kinakaa kimya, kama sehemu ya ukuta. Kila mtu na apendavyo. Mimi vyangu nimevihamishia kwenye korido, ambako ukuta ni krimu.

Tatu, na hapa ninamwunga mkono mke wa mleta uzi, krimu ya siagi mbele ya vigae vyeupe kabisa inaweza kuonekana kama rangi nyeupe iliyozeeka. Vigae vinaifichua. Kama vigae vyenu ni vyeupe vyenye ubuluu, chagueni krimu yenye wekundu kidogo badala ya ile yenye unjano mtupu. Zipo krimu za namna hiyo kwenye kadi, kwa kawaida zimepangwa safu moja tu karibu na pichi, na huenda mkamaliza ugomvi wenu hapo hapo.

Mwalimu wa Mtanda (Lindi)

Hoja ya dada kuhusu vigae ina msingi mzuri. Mkemia Mfaransa Chevreul, aliyesimamia utiaji rangi wa nyuzi katika kiwanda cha mazulia cha Gobelins mjini Paris, alikuwa akipokea malalamiko kwamba baadhi ya nyuzi hazina rangi inayotakiwa. Alipochunguza aligundua kuwa nyuzi hazikuwa na kasoro, bali zilibadilika machoni kwa sababu ya rangi zilizowekwa kando yake, na mwaka 1839 akachapisha maelezo ya kanuni hiyo. Ndiyo maana ninapinga desturi ya kupaka mabaka ya rangi mbili yakigusana ukutani ili kuyalinganisha. Krimu ikigusana na pichi inasukumwa kuelekea ukijani, na pichi inasukumwa kuelekea wekundu. Unailinganisha kila moja na uongo wa mwenzake, wakati katika nyumba yako krimu itakaa na vigae na mninga, haitakaa na pichi.

Njia bora ni kuchukua vipande viwili vya hadibodi, kila kimoja chenye upana wa kama mita moja, ukavipaka mikono miwili ya rangi halisi na kuacha mpaka mweupe pembezoni. Kimoja kisimamishwe kando ya mlango wa mninga kikigusa vigae, kitazamwe asubuhi, adhuhuri, alasiri na usiku, kisha kiondolewe ndipo kiletwe cha pili. Hadibodi ina faida kwamba unaihamisha kutoka ukuta wa dirisha hadi ukuta unaolikabili dirisha, na utashangaa rangi inavyotofautiana kati ya kuta hizo mbili: ukuta wenye dirisha huonekana wa giza kwa kuwa mwanga hauuangukii moja kwa moja, huku macho yako yakiwa yamezidiwa na mwangaza wa nje.

Picha za simu usizitumie kuamulia. Simu inajaribu kusawazisha weupe wa picha yenyewe, kwa hiyo chumba chenye pichi inaweza kukionyesha kama cha krimu, nayo krimu ikawa nyeupe.

Usiku ndipo taa zako zinapoingia. Taa nyeupe zinazouzwa sana huku huandikwa 6500K kwenye boksi (K ni kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga), na mwanga wake una buluu nyingi. Chini yake krimu inapoteza unjano na kuelekea kijivu, na pichi inakuwa ya waridi iliyofifia, ile ile ya kumbi za harusi uliyosema huitaki. Taa za 3000K au 2700K zina umanjano, na zinarudisha rangi zote mbili karibu na jinsi zilivyo jioni. Tazama pia alama ya Ra kwenye boksi, yaani kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa usahihi. Taa yenye Ra chini ya 80 mara nyingi ina upungufu wa wekundu, na pichi ndiyo inayoumia zaidi, kwa kuwa huwezi kuona wekundu wa ukuta kama taa haikutoa wekundu wa kutosha. Kama taa ulizonunua zinaweza kurudishwa, zirudishe zile za vyumbani na sebuleni. Za jikoni na za nje ziache.

Mpangaji wa Ligula

Nilisema krimu kwa sentensi chache, nyinyi mmefika Paris. Hata hivyo sasa nimeelewa kwa nini chumba changu kinakuwa na kijani kila mikorosho ya mwenye nyumba inapochipua majani mapya.

Mleta uzi

Nimefuata ushauri wa hadibodi, na matokeo yamekuwa karibu na mlivyosema, isipokuwa katika jambo moja.

Sebuleni pichi haikufaa. Mchana ilivumilika, lakini jua la magharibi lilipoingia, mwenzangu mwenyewe ndiye aliyesema iondolewe. Krimu ya siagi nayo haikumpendeza kando ya vigae, kama dada wa Mitwero alivyotabiri, na ile krimu ya safu ya jirani, yenye wekundu kidogo, ndiyo iliyotupatanisha. Jioni ina dhahabu, na asubuhi haifanani na ofisi yoyote. Kwenye vyumba vya nyuma pichi ya nusu kipimo imekaa vizuri sana chini ya kivuli cha mwembe, na krimu ya siagi kwa kweli ilikuwa na ule ukijani mliouzungumzia.

Tofauti iko katika chumba cha mbele kinachotazama mashariki. Asubuhi rangi zote mbili zinapendeza mno, na kuanzia adhuhuri zote mbili zinapooza, hivyo dira haikutusaidia kuamua. Tumechagua krimu ile ile ya sebuleni kwa sababu ya hoja ya fundi kuhusu akiba ya rangi. Taa za vyumbani na sebuleni nimekwisha kuzibadilisha kwa za 3000K.

Fundi, naomba unisaidie makadirio. Sebule ni mita 5 kwa 4, kila chumba ni mita 3.5 kwa 3, korido ni mita 4 kwa 1.2, na kimo ni mita 3 kote.

Fundi wa Chikongola

Sebule ina mzunguko wa mita 18, ukizidisha kwa kimo ni mita za mraba 54, na ukitoa milango miwili na madirisha mawili makubwa inabaki 46 hivi. Kila chumba kinabaki na 35, na korido, kwa kuwa ina milango mingi, inabaki na 22. Lita moja ya rangi ya maji kwenye ukuta uliopigwa puti (lepe la kusawazishia ukuta) na kusuguliwa vizuri inafunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, na wewe unahitaji mikono miwili.

Kwa krimu, yaani sebule, chumba cha mbele na korido, ni mita za mraba 103, ambazo kwa mikono miwili zinadai lita 20 na kidogo. Nunua ndoo moja ya lita 20 na galoni moja ya lita 4 kwa siku ile ile na bechi ile ile, na kinachobaki ndiyo akiba yako. Kwa pichi, vyumba viwili vinadai lita 14, kwa hiyo chukua galoni nne, na umwambie muuza rangi aandike kwenye kila kopo kwamba ni nusu ya kipimo, kwa sababu ukirudi na namba tupu atakupa kipimo kizima.

Mng'ao nao uamue kabla ya kulipa. Sebuleni na koridoni, ambako watoto hupita na mikono, chukua yenye mng'ao hafifu inayofutika kwa kitambaa. Ila puti isuguliwe kwa uangalifu, maana jua la magharibi linaloingia kwa kulala huonyesha kila wimbi la ukuta unaong'aa. Vyumba vya nyuma vipewe rangi isiyong'aa, na kwa kuwa havipati jua, uliza kama ina dawa ya kuzuia ukungu.

Mvua za huku huanza Novemba au Desemba, kwa hiyo kazi imalizike kabla ya hapo. Anza na vyumba vya nyuma wakati upepo wa kusi bado unavikausha, na kabla ya praima nisubiri nije nitazame kama kuna unga wa chumvi chini ya madirisha ya kusini.